Muziki Unaoshtua Watu kwa Makusudi

Jumamosi, jioni. Theluji ya pembeni mwa barabara imeanza kuyeyuka, ile nyeusi, iliyochanganyika na chumvi na vipande vya sigara. Toka asubuhi anga lina rangi ya maji yaliyooshewa sufuria. Mkiona herufi zimerukana humu, mnisamehe.

Leo nimeogopa. Nianze na hilo, maana nikianza na mengine nitajikuta najisifu.

Nimeogopa tangu nilipofungua macho. Kilichoniamsha ni jirani wa juu. Huyo mtu sijawahi kumwona uso, sijui ni mwanamume au mwanamke, lakini siku haipiti bila kuangusha kitu sakafuni kwake, ambayo ndiyo dari yangu. Kiti, sufuria, chuma cha mazoezi, Mungu ndiye anayejua. Puu! Na kila akiangusha, mimi najikuta nimesimama ukutani, mgongo umegandana na rangi, moyo unakimbia. Faida, binti yangu, ameshazoea. Anasikia puu, halafu anasikia miguu yangu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi naitwa Mama Faida. Nimezaliwa Uvira, nikakaa kambini Kigoma mpaka Kiswahili changu kikapigwa pasi, na sasa tunaishi hapa Flemingdon Park, mtaa wa magorofa huku ughaibuni, mimi na Faida wangu wa miaka kumi na sita. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Kwa nini nashtuka, sitaandika. Waliotoka kule wanajua, wasiotoka kule wanaweza kukisia, na wote naomba wasiniulize. Itoshe kusema kwamba mlio mkubwa wa ghafla ukija, mwili wangu hauniulizi mimi. Unaamua wenyewe.

Sasa sikieni utani wa Mungu. Mtoto wa mwanamke kama mimi, shuleni wakamwambia achague ala ya muziki. Filimbi zipo. Fidla zipo. Kuna hata kale kapembetatu ka chuma kanakolia kama kengele ya mbuzi. Yeye akachagua ngoma. Tena si ngoma ndogo. Ni yale masufuria makubwa ya shaba yaliyowambwa ngozi, yanayosimama nyuma kabisa ya okestra, ambayo kazi yake ni kungoja, kungoja, kungoja, halafu kunguruma.

Sikumkataza. Ningemkatazaje? Anapoeleza habari za zile ngoma, uso wake unakuwa uso wa marehemu kaka yangu akieleza mpira.

Lakini majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kumsikiliza shuleni, na yaliyonikuta sijawahi kuyaandika hapa. Walikuwa wanapiga kitu cha taratibu, mimi nimetulia, nimeweka pochi mapajani. Ghafla ngoma ikalipuka. Nilipopata akili nilikuwa chini, katikati ya viti, kifudifudi, na chini yangu kuna mtoto. Si wangu! Mtoto wa watu, kavulana kadogo kalikokuwa kamekaa kiti cha pembeni. Nilikavuta nikakalalia ili nikakinge. Mama yake alikuwa ananivuta bega, anapiga kelele. Na juu jukwaani, okestra ikiendelea, Faida amesimama na vijiti vyake viwili, ananitazama.

Hakuna aliyenilaumu. Mama wa yule mtoto alipoelezwa, alinikumbatia mpaka nikaona aibu zaidi. Tulipofika nyumbani, Faida alinivua koti. Aliniwekea chai.

Ila tangu siku ile, matangazo ya muziki hayakuja tena nyumbani. Nilifikiri hawapigi tena. Niliishi hivyo, mjinga mimi, mpaka Jumapili moja baada ya ibada, Mama Solange akanishika mkono. Mama Solange ni rafiki yangu wa kanisani, binti yake anasoma shule moja na Faida, na akisema jambo, ukumbi mzima unajua.

"Mama Faida, tumeshapanga! Tunakuja wote kumsikiliza mtoto wetu, kikundi kizima cha akina mama, na vitenge vya sare. Na wewe umenyamaza tu kama si wako!"

Nikacheka, nikasema ndiyo, ndiyo, tutakwenda. Siku yenyewe nilikuwa siijui.

Jioni ile nikamuuliza Faida. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananirudishia Kiingereza, tunaelewana hivyo hivyo. Akasema si lazima uje, Mama.

Si lazima uje.

Angenikaripia ningepumua. Angesema umenitia aibu, ningekasirika, tungegombana, mambo yangekwisha. Lakini alilisema kwa upole, ule upole ninaoutumia mimi mwenyewe kazini nikimwambia mzee kwamba si lazima amalize supu. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Niliona wazi kinachotokea. Mtoto amejifunza kuwa na furaha yake mbali nami, anaifungia huko ili isiniumize. Mwaka ujao anamaliza shule. Akishazoea kufurahi bila mimi, atarudi lini? Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko ngoma yenyewe.

Nikamwambia nitakuja. Nikasema tena, nitakuja, hata kwa kufungwa kamba. Hapo akacheka kidogo na kuendelea kuosha.

Siku ya pili yake nilikuwa nasonga bugali, yaani ugali. Akaja nyuma yangu, akanivalisha hedifoni zake juu ya kilemba, akaweka simu kando ya jiko. Akasema, ndio huu tutakaopiga. Na akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, ule usioshika mwiko.

Niwaelezeni huu muziki, maana nimeishi nao jikoni wiki nzima na naujua sasa kama ninavyoujua umbea wa kanisani.

Ni utangulizi wa opereta moja ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa. Opereta, jinsi Faida alivyonifafanulia, ni mchezo wa kuchekesha ambao watu wanaongea kidogo na kuimba sana. Huo utangulizi unapigwa kabla pazia halijafunguka, waimbaji wako nyuma bado wanafunga vifungo. Na watazamaji wa zamani zile hawakuwa na nidhamu. Wanaingia wamechelewa, wanapiga soga, wanawake magauni mapana, wanaume wanatafuta pa kuweka kofia. Basi mtunzi awanyamazisheje? Anaanza na kishindo. Okestra nzima, ngoma, matoazi, tarumbeta, PAA! Kaeni chini!

Nilimwambia Faida huyo mtu hana adabu. Nilikuwa nimeangusha mwiko.

Lakini kabla ya ile PAA, kitu kilitokea mkononi mwangu. Faida alinibana. Alibana kifundo, halafu kishindo kikaja. Sikumwomba afanye hivyo, na yeye hakusema kwamba atafanya.

Akishawashtua watu, yule mtunzi anajifanya mpole. Klarineti, aina ya filimbi, inabaki peke yake, inapanda na kushuka kama mtu anayejisemesha akianika nguo. Kisha inakuja selo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti, na hapo, jamani, hapo nilisahau jiko. Inaimba kama wimbo wa jioni wa kanisani, pole pole, haina haraka na mtu. Nilisema moyoni, kumbe ana roho. Kumbe ni mtu mzuri tu, ana matatizo yake.

Nikamwamini. Ndivyo anavyotaka.

Maana baada ya hapo inaingia valsi, magauni yanazunguka, unazunguka nayo. Kisha fidla zote zinaacha kupiga kwa upinde, zinadonolewa kwa vidole, taratibu, kama paka anatembea juu ya bati. Inapungua. Inapungua tena. Unasogeza shingo usikie vizuri. Kifundo kikabanwa. PAA!

Nilipiga kelele, maharage yakaungua, na Faida akacheka mpaka akakaa sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo siku nyingi. Nilikasirika, nikacheka, nikamwambia rudia.

Kuna pia kale kamwimbo ka kijinga, kafupi, unakashika mara moja. Kanaanza na fidla chache, chini chini. Kanarudiwa, watu wameongezeka. Kanarudiwa tena, na filimbi sasa, na haraka zaidi. Ni kama habari inayopelekwa nyumba kwa nyumba, ikifika nyumba ya mwisho imeshakuwa kubwa, mtu aliyepiga chafya ameshazikwa. Hapo ngoma za Faida zinaunguruma chini kwa chini muda wote, na kila mtu anakimbia, na mwisho wanapiga mapigo ya kumalizia, yale unayoyajua hata kama hujasoma, pa! pa! pa! Yamekwisha. Unaweza kuapa yamekwisha.

Kimya.

Halafu PAA kubwa kuliko zote, na dansi ya mbio za farasi mpaka mwisho. Ile ya kusonga bugali. Wallahi hakuna muziki mzuri wa kusonga bugali kama ule, mkono unakwenda wenyewe.

Nilimwuliza Faida, sasa mtu anafanyaje hivi kwa makusudi? Anakubembeleza ili akushtue. Akasema ni mzaha, Mama. Watu wanashtuka, halafu wanacheka.

Nililala na hilo neno. Wanashtuka, halafu wanacheka. Kuna watu duniani ambao baada ya kishindo hakukuja kitu. Kishindo kikalia, wakatazamana, wote wapo, wakacheka. Wakakipenda mpaka wakalipa kiingilio wakisikie tena. Sikuwaonea wivu, au labda niliwaonea, sijui. Nilikuwa nataka tu kujua wanafanyaje.

Basi wiki nzima tulifanya hivyo, mimi na mwiko, yeye na kifundo changu. Kufikia jana nilikuwa najua kila kishindo kinakaa wapi. Lakini simu ina kitufe cha kupunguza sauti. Ukumbi hauna. Na Faida atakuwa jukwaani, mikono yake ina kazi.

Ndiyo maana leo nimeamka naogopa.

Nilivaa kitenge cha kikundi, cha rangi ya chungwa chenye majani ya kijani, juu yake koti kubwa, chini viatu vya theluji. Sisi akina mama wa Kongo tukipanda basi la Don Mills tumevaa hivyo, dereva anasahau kufunga mlango. Njiani wenzangu wanacheka, mimi nahesabu moyoni njia za kutokea. Nilikuwa na mpango. Nitakaa kiti cha mwisho kabisa, pembeni, karibu na mlango. Mambo yakiharibika, nitatoka kimya kimya, Faida hatajua.

Mama Solange akauua mpango wangu mlangoni. "Wewe mama wa mpiga ngoma ukae pembeni kama mgeni? Aka! Pita hapa." Wakanisukuma mpaka katikati ya safu ya tatu. Wawili kushoto, wawili kulia, wote wanene kama mimi. Hata panya asingetoka. Nilichofanya ni kuangalia kama kuna mtoto karibu. Hakukuwa na mtoto. Nikashukuru kwa hilo dogo.

Taa zikapungua. Mwalimu wao wa muziki, mama mmoja mfupi mwenye viatu vya raba vyekundu, akapanda, akainama, akatugeuzia mgongo. Nikamtafuta Faida.

Alikuwa kule nyuma, shati jeupe, nywele amezifunga. Na vijiti vyake alikuwa ameshavinyanyua. Wengine wote wameweka ala zao tayari tu, kistaarabu. Yeye amevinyanyua juu ya kichwa, mikono miwili, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, na hamwangalii mwalimu. Anaangalia safu ya vitenge vya rangi ya chungwa.

Nikaelewa. Nikajishika mwenyewe kifundo cha kushoto, nikabana.

PAA!

Nilitetemeka kuanzia kisogoni mpaka kwenye viatu. Lakini nilibaki kwenye kiti. Mama Solange alisema "Yesu!" kwa sauti, na mimi ambaye ningekuwa chini, nilikuwa nimekaa juu.

Selo ilipoanza nilifunga macho kidogo tu, halafu nikayafungua, maana niliogopa kupitwa na mikono ya Faida. Na haikunipita hata mara moja. Fidla zikidonolewa, paka akitembea juu ya bati, watu wote wamesogeza shingo, mimi naona kule nyuma vijiti vinapanda mapema, juu kabisa, hata mtu wa barabarani angeviona. Najibana. Kishindo kinakuja. Mwalimu alimtupia jicho, nadhani alishamwambia mara nyingi ashushe hiyo mikono. Hakushusha.

Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Matoazi si ya Faida, ni ya msichana mwingine, na huyo hakuwa na habari na mimi. Aliyagonga mahali nilipokuwa nimejisahau, goti langu likaruka likapiga kiti cha mbele, bwana mmoja akageuka. Nikamwomba radhi. Jasho lilikuwa limelowesha blauzi mgongoni. Nilitaka sana kutoka. Nikisema sana, mniamini. Nilimwangalia Mama Solange na ukubwa wake wote, nikaona hapapitiki, nikabaki.

Kale kamwimbo kakaja, kakakua, habari ikapelekwa nyumba kwa nyumba, ngoma zikiunguruma. Mwili wangu ulijua tunakokwenda. Pa! Pa! Pa!

Kimya.

Kwenye simu, kimya kile ni kifupi. Unavuta pumzi moja, farasi wanatoka. Nilikuwa nimejifunza hiyo pumzi moja. Sasa yule mama wa viatu vyekundu, sijui aliona watu wamedanganyika akafurahi, akakirefusha. Alisimama mikono hewani. Bwana mmoja nyuma akaanza kupiga makofi peke yake, akagundua, akaacha. Mikono bado hewani. Nimeshavuta pumzi, sina pa kuipeleka. Vijiti vya Faida viko juu, havishuki. Namwona ananitazama na mimi namtazama.

Sikuwa ninaogopa mlio tena. Niliogopa kimya. Kule tulikokuwa, kimya cha namna ile ndicho kilichokuwa kikitangulia, na ukikisikia ulikuwa unajua. Nikaona giza pembeni mwa macho. Mdomo ukafunguka, na sauti ikatoka, na ilikuwa yowe. Nawaambia ukweli, ilianza yowe, lile lenyewe, nililolibeba toka Uvira.

Sijui nini kilitokea ulimini. Nadhani ni mazoea. Mwanamke wa kwetu akiwa amevaa kitenge cha sare, amekaa katikati ya wenzake waliovaa sare, wakimtazama mtoto wao mbele ya watu, mdomo ukifunguka, ulimi unajua kazi moja tu. Ukaanza kutembea. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Yowe likakatikakatika.

Kigelegele. Katikati ya kimya cha wazungu, kirefu, chembamba, kimepanda mpaka darini.

Na ninyi mnajua, kigelegele hakiachwi peke yake. Ni aibu kwa waliokaa. Mama Solange hakujua kama ni mahali pake au si mahali pake, yeye alisikia kimeanza, akajibu. Kisha yule wa kulia. Kisha wote. Safu nzima ya tatu!

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwalimu alikuwa bado ametugeuzia mgongo, mikono hewani, lakini mabega yanamtikisika. Fidla zinacheka. Na Faida kule nyuma, vijiti juu, machozi yanamtoka, sijui ya nini.

Halafu mikono ikashuka. PAA!

Nikashtuka.

Na nikacheka.

Nilicheka farasi wote mpaka mwisho, nimeshika kifundo changu, nimelowa jasho na machozi, Mama Solange ananipiga mgongoni akidhani nimepaliwa. Sijui kama kilikuwa kicheko kizuri. Kilikuwa na kwikwi ndani yake. Lakini kilikuja baada ya kishindo, na nilipogeuka huku na huku, watu wote walikuwapo.

Walipomaliza niliogopa upya. Hamtaamini, lakini ndivyo. Maana nilikuwa nimemharibia tena. Mara ya kwanza nililalia mtoto wa watu, mara ya pili nimepiga kelele mahali ambapo hata kukohoa ni kosa. Faida alitoka na koti lake, akina mama wakamkumbatia, wakamtoa pumzi, akasema asante asante kwa kila mmoja. Mimi hakunitazama usoni. Tukangoja basi. Akakaa karibu nami, akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Tulikuwa karibu kushuka aliposema, kwa Kiingereza chake, bila kugeuka, kwamba mwanzoni ilikuwa yowe.

Nikasema ndiyo.

Akasema alijua. Akasema alikuwa anataka kuweka vijiti chini, aje kwangu.

Niliangalia nje. Yaani angeiacha ile okestra, mbele ya watu wote, kwenye kile kimya, ashuke aje kwa mama yake. Basi likapita taa moja ya barabarani. Nikamuuliza, nimekutia aibu?

Akafikiri. "Kidogo," akasema. Halafu akanibana kifundo, na dereva akakanyaga breki, na tukaangukiana wote wawili.

Sasa ni jioni. Nimekula, nimejipaka mafuta, nimekaa mezani jikoni naandika haya. Faida yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilitaka kumalizia kwa kusema sasa nimepona, siogopi tena. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta. Si kweli. Nafikiri nitaogopa mpaka nizeeke, na kesho asubuhi...

Puu!

Jirani wa juu. Nilikuwa nimeandika hapo kwenye "asubuhi" alipoangusha kitu, kizito, sijui kabati. Nikajikuta ukutani, kama kawaida. Mgongo kwenye rangi, moyo unakimbia, kiti kimelala chali.

Na kutoka chumbani kwa Faida, nyuma ya mlango uliofungwa, nikasikia kigelegele.

Kibaya! Ee Mungu wangu, kibaya kweli. Ulimi haujui uende wapi, sauti imepanda, imekwama, imeshuka kama mtu anayesukutua. Mtoto huyu hajawahi kupiga kigelegele tangu azaliwe. Kikavunjika katikati, akavuta pumzi, akakianza tena upya, peke yake huko ndani.

Kigelegele hakiachwi peke yake.

Nikajibu nikiwa pale pale ukutani, kwa kifua chote, mpaka huko juu kukawa kimya.

Kesho ataangusha kingine, najua.